Watu Saba Katika Albamu ya Mtu Mmoja

Siku niliyostaafu, wenzangu wa studio mlinipa saa ya ukutani. Sijui nani kati yenu aliona kwamba mtu asiye na pa kwenda asubuhi anahitaji sana kujua ni saa ngapi, lakini nashukuru. Nimeitundika juu ya jokofu, hapa nyumbani Pasiansi, na inakwenda vizuri. Mkanipa pia daftari hili na kuniambia, "Mama Vene, tuandikie uliyojifunza." Nadhani mlitarajia orodha ya vitufe. Vitufe mnavijua kuliko mimi. Nitawaandikia watu.

Vyeo sitavieleza, maana vilikuwa vitatu tu. Niliingia nikiitwa dada wa studio, nikapanda kuwa mama wa studio, na miaka ya mwisho wasanii wakaanza kuniita bibi wa studio. Kazi ilikuwa ileile.

Nilianza pale pale Kirumba mnapopajua, ghorofani juu ya duka la nyavu, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mwenye studio alikuwa Mzee Sharifu, fundi redio, mtu wa familia ya zamani ya mjini iliyokuwa ikiuza vitambaa. Nilikwenda kuomba kazi ya kupokea wageni na kujibu simu. Siku ya kwanza simu sikupewa. Alinivisha hedifoni, akaniweka peke yangu kwenye chumba cha kurekodia, akawasha maiki, akasema niandike kila kitu nitakachokisikia kwa saa nzima.

Niliandika hivi: Lori linarudi nyuma. Mama anatangaza dagaa. Kwaya, mbali. Kitu kinatembea juu ya bati kama mtu aliyevaa viatu vya mume wake. Tumbo langu.

Mzee Sharifu aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Hiki kinachotembea ni korongo," alisema. "Wanakuja kwa ajili ya utumbo wa samaki, halafu wanapumzika juu yetu. Wale ni wapangaji, huwezi kuwatoa. Na hili tumbo ni lako?"

"Ni langu, mzee."

"Waliokuja kuomba kazi kabla yako hawakuliandika, na matumbo yao yalinguruma vilevile. Kesho njoo saa mbili. Uje umekula."

Basi nikawa fundi mitambo kwa sababu ya njaa.

Vifaa vyetu vingewachekesha. Kuta tulizifunika kwa magodoro ya zamani na trei za mayai, na wageni wengi walidhani tunafuga kuku. Maiki nzuri ilikuwa moja, tuliipata kwa wamisionari waliokuwa wanafunga kituo chao, na msimu wa wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi niliivisha soksi ya mwanangu ili wasiingie ndani. Kulikuwa pia na mwanzi mrefu uliofungwa kitambaa mwishoni. Huo ulikuwa wa kugonga dari ili korongo wasogee kabla mwimbaji hajaanza. Katika mitambo yote ya studio ile, mwanzi ndio pekee ambao haukuwahi kuharibika.

Mzee Sharifu alinifundisha kwa rula. Kila nilipopeleka mkono kwenye miksa, ile meza ya vitufe, aliugonga.

"Umesikia nini?"

"Bado sijasikia, mzee."

"Sasa unagusa nini?"

Kesi ngumu za mwanzo zilikuwa za kwaya. Kuna kwaya moja ilikuja na watu arobaini, na mmoja wao alikuwa anaimba chini kidogo ya kila noti, kwa bidii na kwa sauti kubwa. Tungemsogeza nyuma, ila huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Mzee Sharifu alimtoa mbele kwa heshima, akamsimamishia maiki yake mwenyewe, nzuri, yenye kung'aa. Waya wake haukuwa umechomekwa popote. Mwenyekiti alitoka akisema maishani mwake hajawahi kurekodiwa vizuri namna ile, na kwa kweli alikuwa anasema ukweli.

Mzee alipofariki, watoto wake waliniachia studio niiendeshe. Magodoro nikayabadilisha, kompyuta ikaingia, korongo wakabaki. Hapo ndipo anapoingia Deusi Malimi, ambaye mnaniuliza habari zake kila mara, na kila mmoja wenu amezisikia kivingine.

Deusi alikuwa mpiga gitaa la solo na mtunzi wa bendi ya Mawe Pacha. Alitunga nyimbo miaka kumi na miwili, na miaka yote kumi na miwili nyimbo hizo ziliimbwa na kiongozi wa bendi, Kapteni Bundala. Ukapteni aliupata wapi sijui. Mtu yule alikuwa hawezi kuvuka ziwa kwenda Sengerema bila kutapika. Lakini alikuwa na sauti nzito yenye kikohozi kidogo chini yake, kama mtu aliyetoka kulia na hataki ujue, na utaratibu wa bendi ulikuwa kwamba wimbo wowote mzuri ni wa sauti ya Kapteni.

Wimbo mzuri kuliko yote uliitwa "Kapu la Pamba". Ulihusu mama aliyebeba pamba kichwani kwenda kuiuza ili mwanawe asome. Deusi aliutunga kwa ajili ya mama yake, Bibi Minza, aliyekuwa akiishi Magu. Hapa Mwanza harusi ilikuwa haiishi bila wimbo huo, na watu wazima walikuwa wanautolea leso. Wote walijua kwamba Kapteni anamlilia mama yake.

Siku moja Deusi alikwenda msibani Magu. Mtu akaufungulia wimbo ule kwenye simu, na binamu yake Deusi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Huyu Kapteni anampenda mama yake jamani," alisema. "Na wewe Deusi, uko kwenye bendi miaka yote, mbona humtungii wa kwako?"

Deusi aliniambia kwamba alimaliza ugali wake, akaaga watu vizuri, na Jumatatu akaacha bendi.

Jumatano alipanda ngazi zetu na gitaa mgongoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye kuongea akiangalia viatu vyake. Siku ile aliniangalia machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Deusi. Wenzako wako wapi?"

"Sina wenzangu. Nimekuja kurekodi albamu. Gitaa nitapiga mimi, besi mimi, drams nitapanga mimi kwenye kompyuta, na kuitikia nitaitikia mimi. Inaitwa Peke Yangu."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe ni mitambo, mama."

Nimeitwa mambo mengi katika kazi hii. Hilo nililichukua kama sifa.

Nikamweka kwenye kiti, nikagonga dari kwa mwanzi, nikawasha taa nyekundu. Kimya. Deusi mkono uko juu ya nyuzi, na mkono haushuki. Nikasimamisha, nikaanza upya. Kimya tena, ila safari hii aligeuka kidogo kuangalia nyuma ya bega lake la kushoto. Mara ya tatu aligeuka tena, na hapo nikaelewa. Kwa miaka kumi na miwili, nyuma ya bega lile alikaa Mashauri, mpiga drams, akigonganisha fimbo zake kuhesabu. Deusi alitunga nyimbo nyingi, lakini hakuwahi kuanzisha hata mmoja.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye, nikahesabu mimi: moja, mbili, tatu, nne. Akaingia kama maji. Albamu ya mtu mmoja ilikuwa haijafikisha dakika tano na tayari ilikuwa na watu wawili.

Tulifanya kazi wiki tatu. Kila chombo alipiga mwenyewe, na alipiga sawasawa. "Kapu la Pamba" ndio ulikuwa wa kwanza kwenye orodha, na aliuimba kwa sauti yake nyembamba, bila kikohozi. Tulipoketi kusikiliza yote, kila kitu kilikuwa mahali pake, kisafi kabisa. Nilihisi kama mtu aliyekaribishwa sebuleni na wenye nyumba hawapo.

"Imekaaje?" akaniuliza.

"Imenyooka."

"Mama Vene, nimekuuliza imekaaje."

"Deusi, imenyooka kama maiti."

Akasema hata kama ni maiti, ni ya kwake. Akaenda kunywa chai.

Kesho yake, Deusi akiwa hajafika, alikuja Mashauri. Alikuwa na mfuko wa mkate, na ndani ya mfuko hakukuwa na mkate, kulikuwa na fimbo za drams.

"Nilikuwa napita tu," alisema.

Mashauri alikuwa anakaa Nyegezi, upande wa pili kabisa wa mji. Kupita kwake Kirumba kulihitaji mipango. Nikamfungulia wimbo mmoja. Alisikiliza zile drams za kompyuta kwa uso wa mtu anayeangalia mke wake akicheza na mwanamume mwingine.

"Kapteni ametangaza," alisema taratibu. "Atakayepiga na Deusi anasimamishwa, nafasi anapewa mtu mwingine. Na mimi sina kazi nyingine, mama. Sijui hata kulima."

"Basi nenda nyumbani."

"Ndiyo naenda. Ila ule wimbo wa pili, niguse mara moja tu. Asijue mtu."

Deusi alipanda ngazi akamkuta ameshakaa kwenye drams za studio. Nilidhani atamfukuza. Walitazamana, Mashauri akagonganisha fimbo, na Deusi akalikimbilia gitaa bila hata kuvua koti.

"Drams tu," aliniambia baadaye kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye nilimwalika. "Vingine vyote mimi."

Wiki hiyohiyo akaja Odoyo, mpiga besi, mtu mrefu wa maneno machache, kuniuliza kama nina waya wa kumwazima. Waya anao. Alikaa saa nne nzima. Kisha akaja Tabu, mwitikiaji wao, dada mwenye duka la vitenge, aliyepita kunisalimia. Alisimama mlangoni huku Deusi akijiitikia mwenyewe, akavumilia ubeti mmoja, wa pili ukamshinda, akaitikia pale pale mlangoni na mkoba begani. Sauti yake iliingia kwenye maiki kutoka mbali, na ndivyo ilivyo kwenye albamu hadi leo. Wasikilizaji wanadhani ni ufundi wangu.

Kila mmoja alinishika mkono akaniomba siri, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Niliwapangia saa tofauti kama mganga. Ilikwenda vizuri mpaka Ijumaa moja mchana, Deusi akiwa amekwenda Magu kumpelekea mama yake "Kapu la Pamba" mpya ausikilize kwa sauti ya mwanawe. Mashauri alikuwa amekuja kurudia kipande, Odoyo akachelewa kwa saa yake, Tabu akawahi ya kwake. Wakakutana wote watatu kwenye kizingiti. Kabla hawajamaliza kushangaana, nilisikia hatua kwenye ngazi, na kikohozi.

"Kapteni," alinong'ona Tabu.

Niliwasukuma stoo, kwenye magodoro ya zamani, nikafunga mlango. Kapteni Bundala aliingia amevaa kofia, akakaa bila kukaribishwa, akajifuta jasho.

"Habari za hapa, fundi."

"Nzuri, Kapteni. Karibu."

"Nimesikia huyu mtu anarekodi. Nataka kusikia uongo wake mara moja, halafu niende zangu."

Kumnyima ningeonekana nina cha kuficha. Nikamfungulia wimbo mmoja na kuomba Mungu awape watu wa stoo subira. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kichwa kinakwenda.

"Hizi drams ni za kompyuta?"

"Za kompyuta."

"Kompyuta hii inakimbiza mwishoni kama Mashauri."

Nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

"Na besi?"

"Ya kompyuta."

"Inachelewa kama Odoyo. Nimemwambia miaka mingi, hasikii." Akasikiliza zaidi. "Na huyo anayeitikia yuko mlangoni. Kompyuta yako ina mlango?"

Hapo mtu akapiga chafya stoo. Magodoro yale yalikuwa na vumbi la miaka. Kapteni aliuangalia mlango wa stoo kwa muda mrefu.

"Na ina mafua," alisema.

Niliona niseme sasa, niwaombee. Lakini yeye aliinua mkono kunizuia, akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Bila kofia alikuwa mzee kuliko nilivyomdhania.

"Fundi, tangu aondoke tumepiga kumbi sita," alisema. "Watu wanacheza. Hakuna aliyeuliza Deusi yuko wapi. Nilidhani nitafurahi."

Nikafanya nilichofundishwa kwa rula, sikugusa kitu.

"Kwenye kile kiitikio," alisema mwishowe, "chini pako wazi. Panataka sauti nzito. Ye mwenyewe hana."

"Hana."

"Washa hiyo maiki. Lakini mtu asiambiwe. Hasa wale walioko kwenye kompyuta."

Akaimba kiitikio mara mbili, akavaa kofia, akashuka ngazi. Watatu wale walitoka stoo wamejaa vumbi, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Tabu alikuwa analia, akasema ni vumbi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Deusi amekaa kwenye ngazi, gitaa ubavuni. Nikajua mambo ya Magu hayakwenda vizuri.

"Hakuupenda?"

"Aliupenda. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, 'Ni mzuri, mwanangu, ila huyo mama ni nani?'"

Nilikaa naye kwenye ngazi.

"Nikamwambia ni wewe, mama. Akacheka. Akasema yeye hajawahi kubeba pamba. Pamba baba alikuwa anaipeleka kwa baiskeli. Yeye alikuwa anauza mchele barabarani. Miaka yote hii akiusikia kwenye redio alijua ni mama yake Bundala, na alikuwa anamwonea huruma."

"Sasa pamba ulitoa wapi?"

"Mwanzoni niliandika mchele. Kapteni akasema mchele hauwatoi watu machozi, mchele ni chakula, weka pamba. Nikaweka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ni hivi, Mama Vene. Nimelipiga gitaa la wimbo ule mpaka nikawa nakumbuka. Nilikuwa naliona lile kapu. Nilikuwa naiona shingo ya mama inatetemeka. Naapa nilikuwa naiona. Nimeacha bendi na kugombana na watu wangu kwa ajili ya kapu ambalo halikuwepo."

Katika miaka yangu ya kazi nimesikia sauti nyingi zikivunjika, nyingi ni kwa makusudi, kwa sababu inauza. Ile haikuwa ya makusudi. Niliingia ndani nikachukua kinasa sauti kidogo na ile soksi.

"Jumatatu twende wote," nilimwambia. "Ukamuulize."

"Nimuulize nini?"

"Sijui. Umemtungia wimbo na hujawahi kumuuliza kitu."

Tulifika Magu saa nne asubuhi. Bibi Minza alikuwa uani anapepeta mchele kwenye ungo, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kucheka. Nilimwamkia akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea kigoda na hakuacha kupepeta. Deusi akakaa chini kwenye mkeka. Ilimchukua muda mrefu kuanza, na mimi sikumhesabia.

"Mama, ule mchele ulikuwa unauzaje?"

"Nilikuwa nauzaje? Nilikuwa nauza. Basi likisimama unakimbilia dirishani na kopo lako la kupimia." Akasimamisha ungo. "Kuna siku basi liliondoka na kopo langu. Abiria ameshika kopo, bado hajamimina, dereva huyo akaondoa gari. Nililikimbiza mimi! Miguu peku. Kopo lenyewe sikuwa na jingine. Nilikimbia mpaka kule kwenye daraja, kondakta akalitupa nje, abiria wote wakapiga makofi dirishani."

"Sikulijua hilo."

"Utalijuaje, ulikuwa mgongoni. Ulikuwa unacheka! Mimi nakata roho, na wewe unacheka, unanipiga mabegani niongeze mwendo. Ulidhani tunacheza."

Deusi alichukua gitaa akaanza kutafuta. Mama yake alirudi kwenye mchele wake, mimi nikawafukuza kuku uani, nikaivisha maiki soksi. Hadi saa nane wimbo ulikuwa umesimama. Aliuimba wote, kutoka mwanzo, kwa sauti yake nyembamba, na safari hii wembamba ulikuwa na kazi: ilikuwa sauti ya mtu anayebebwa mbio. Alipofika ubeti wa pili, mama yake akamkatiza.

"Hapo umekosea. Basi halikuwa jekundu. Lilikuwa la bluu."

Deusi akarudia mstari kwa rangi sahihi bila kusimamisha gitaa, akaendelea mpaka mwisho. Tuliuita "Basi la Bluu". Niliporudi Kirumba na kusikiliza, nilijua kwamba katika kazi yangu yote sijanasa kitu cha kweli kuliko sauti ile ya kikongwe akisahihisha rangi ya basi. Sikukata hata pumzi.

Tulipokuwa tunaunganisha nyimbo zote, Deusi aliinua kidole kwenye kiitikio.

"Nani huyo chini?"

"Kompyuta."

Akasikiliza tena.

"Kompyuta imeanza lini kukohoa kama Kapteni?"

Aliurudisha wimbo nyuma, akakisikiliza kiitikio mara ya tatu.

"Usiitoe," alisema.

"Kapu la Pamba" aliutoa mwenyewe, akauweka "Basi la Bluu" mahali pake. Na kwa kuwa kila mmoja aliomba siri, jalada la Peke Yangu likaandikwa kwamba muziki wote ni wa Deusi Malimi. Mtangazaji mmoja wa redio aliisifu albamu kwa dakika nzima, akasema msanii huyu ametufundisha kwamba ukiamua, unaweza kufanya kila kitu mwenyewe. Mashauri alinipigia simu kunisikilizisha redio, huku akicheka.

Wapo wanaosema Deusi alirudi kwenye bendi. Hakurudi. Wanachanganya na Jumapili ile ya uzinduzi, alasiri, kwenye ukumbi pale Kirumba. Mimi nilikuwa kwenye miksa. Deusi alikuwa peke yake jukwaani, kama jalada lilivyotaka, na Bibi Minza alikuwa kiti cha mbele na kitenge kipya kutoka kwa Tabu. Watu walisikiliza kwa adabu. Baada ya wimbo wa nne, mtu akapaza sauti nyuma, "Kapu la Pamba!" Akaitikiwa na mwingine, na punde ukumbi mzima ulikuwa unagonga meza.

"Huo siuimbi," Deusi alisema kwenye maiki. "Si wangu."

Watu wakacheka, maana hilo walilijua tangu zamani. Deusi alikuwa anatazama nyuma kabisa ya ukumbi, ambako Kapteni Bundala alikuwa amekaa na kofia yake na soda. Nilidhani atamwambia neno baya. Nilishika kitufe cha maiki yake, tayari kukishusha.

"Kapteni," alisema. "Njoo uwaimbie."

Kapteni alikuja taratibu katikati ya meza, akapanda, akachukua maiki. Kikohozi chake kilitangulia kwenye spika.

"Wimbo huu alitunga huyu," alisema. "Si mimi. Mimi nilisema mchele utoke, pamba iingie. Nilikosea."

Watu walipiga makofi wakidhani anazungumzia chakula. Mashauri alikuwa ameshaziendea drams za ukumbi, kwa sababu hakukuwa tena na cha kuficha, Odoyo akapata besi mahali, Tabu akapanda na mkoba wake. Wakapiga.

Ndipo Bibi Minza alipoinuka. Alitoka kwenye kiti, akaingia katikati ya ukumbi, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akashika kapu lisilokuwepo. Alicheza wimbo ule mpaka mwisho akiwa amelishika, shingo imenyooka, hatua moja moja kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa pamba isije ikamwagika. Mtu akasema kwa sauti, "Mama wa kwenye wimbo ni huyu!" na watu wakamzunguka, wakatoa leso.

Deusi alimwona. Alikosa noti mbili, moja baada ya nyingine, mtu ambaye hakuwahi kukosa noti tangu nimjue. Uzinduzi ule niliurekodi wote, na uko kwenye diski ya studio, kabati la kushoto. Mkifika kwenye zile noti mbili, msizirekebishe.